Nondo Hakuwepo Kiwandani

Kambini, 3 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Mama hajambo? Magoti yake yanasemaje? Mwambie mimi ni mzima, nakula vizuri, aache kuniota nimekonda. Mama Mdogo naye mpe salamu, mwambie sweta aliyonifumia imeniokoa. Huku baridi ya asubuhi ina meno.

Sasa tafuta kiti ukae. Umekaa? Nimepata, Dada. Safari hii si mwizi wa tatu kutoka kushoto, wala dereva anayepigwa risasi kabla hajafungua mdomo. Mimi ndiye Nondo!

Nondo yule yule wa magazeti ya katuni ya marehemu Baba. Koti la kijivu, kinyago, na yule nondo, mdudu wa usiku, anayemchora kwa chaki ukutani kila akikamata jambazi. Unakumbuka Baba alivyokuwa akitusomea, sauti zote anazitoa yeye, mpaka ya mbwa? Halafu tukicheza wewe ndiye Nondo siku zote, na mimi kazi yangu kupigwa na kuanguka. Mambo yamegeuka, mwenzangu. Sasa filamu inatengenezwa, na koti nimevaa mimi.

Simu wametunyang'anya getini, wanaogopa picha zisivuje. Hata ningekuwa nayo, mtandao huku ni wa kubahatisha. Kwa hiyo tuandikiane kama watu wa zamani. Gari la kambi huchukua barua kila likienda mjini.

Nina ombi. Katika ukoo wetu kachero wa kweli ni mmoja tu. Mwongozaji anasema nasimama kama mtu anayesubiri zamu kwa kinyozi. Nifundishe. Unamjuaje mwongo? Unasimamaje mbele ya mtu hatari?

Mdogo wako,
Kiroboto


Nyumbani, 19 Februari

Mdogo wangu Kiroboto,

Marahaba. Mama yuko salama, magoti yake yanalalamika yakiona ngazi tu. Barua yako ameisoma mara tatu, kisha akaenda kuisoma kwa majirani. Sasa mtaa mzima unajua. Fundi cherehani wa pale kona anauliza kama Nondo atamwoa yule binti wa mwenye benki au ataendelea kumzungusha. Mama anasema uvae soksi.

Hongera, mdogo wangu. Baba angekuwepo angezunguka na picha yako mfukoni mpaka ichakae.

Haya, somo. Mwongo usimtazame machoni, maana macho ndiyo ameyaandaa. Mtazame miguu. Mdomo unasema "karibu", miguu imeshageukia mlangoni. Na unyamaze. Watu hawawezi kuvumilia kimya, watatupia neno lolote humo ili kijae, na mara nyingi neno hilo ndilo ulilolifuata. Kuhusu kusimama mbele ya mtu hatari, mimi sisimami. Natafuta kiti. Mtu aliyekaa hapigwi upesi. Kazi yetu nyingi ni benchi, chai iliyopoa, na kumwuliza mtu yule yule swali lile lile kwa upole.

Mimi nimehamishwa. Siko tena upelelezi, nimepelekwa stoo ya vitu vilivyookotwa. Miavuli, meno ya bandia, baiskeli yenye tairi moja. Kazi ya kivulini, hata jua halinipati. Usinihoji sana.

Dada yako


Kambini, 11 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua yako imenikuta nimelala kifudifudi napakwa dawa ya mgongo. Jana nimeshushwa kwa kamba kutoka paa la jengo la ghorofa nne, nikajigonga ukutani kama zulia linalokung'utwa. Mcheza hatari wetu, jamaa anayevaa koti langu kwenye yale yanayoweza kuniua, alicheka mpaka akakaa chini. Lakini siku hizi nawatazama watu miguu. Mwongozaji amesema, "Hapo sasa! Nani amekufundisha?" Nikamwambia nina mwalimu wangu.

Ila hiyo stoo haijaniingia akilini. Mtu aliyefanya upelelezi miaka yote ile anapewa kulinda miavuli? Umekosana na nani? Mkuu wako si yule aliyekuja msibani kwa Baba akasema wewe ni mkono wake wa kulia? Mkono wa kulia unakatwaje hivi hivi?

Halafu kuna jingine. Wameongeza tukio la moto. Karakana inaungua, Nondo anavunja paa, anashuka kwa kamba, anamtoa msichana mzuri kuliko wote, basi. Mimi moto sijui. Wewe mwaka jana ulikwenda kile kiwanda cha magodoro kilichoungua. Hebu niambie, watu wanaotoka motoni wanakuwaje? Wanakimbia? Wanapiga kelele? Nataka nifanye kitu cha kweli.

Nijibu upesi, tutapiga picha za moto kabla ya Juni kwisha.

Kiroboto wako


2 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Pole kwa mgongo. Kanda na maji ya moto, na huyo mcheza hatari mwambie ana dada wa mtu wa kuogopa.

Mama nimempeleka kwa Mama Mdogo akae kidogo. Nyumbani pameingia panya kwenye dari, usiku kucha wanacheza mpira, na fundi bado hajapatikana. Wawili hao wakikaa pamoja unawajua, wanabishana mambo ya kabla hatujazaliwa. Barua zako zitume huko, nami nitazipitia.

Uliuliza kuhusu mkuu wangu. Hajambo. Uliuliza kuhusu stoo. Jana mzee mmoja alikuja kutafuta kofia yake, tukampa, akaivaa, akasema si yake lakini inamkaa vizuri. Tukamwacha aende nayo.

Fanya mazoezi ya kamba vizuri.

Dada yako


Kambini, 20 Aprili

Dada,

Shikamoo, ingawa nimekasirika.

Nilikuuliza mambo matatu ukanijibu moja na nusu. Moto hukuugusa hata kwa kidole. Panya gani hao, Dada? Ile dari ni ya zege. Nilisaidia kubeba kokoto zake mwenyewe.

Jumapili tulipewa ruhusa, nikaenda mjini nikaazima simu. Yako imezimwa. Nikampigia Mama Mdogo. Unamjua, huwa anaongea mpaka chaji inaisha. Safari hii akasema, "Wote wazima. Mengine mwulize mwenyewe," akakata. Mama Mdogo kukata simu! Nilirudi kambini nikashindwa kula.

Wewe ulinifundisha kwamba kimya ni cha kumfanya mwingine aseme. Basi mimi ndiye nimesema. Sasa zamu yako.

Kiroboto


Kambini, 15 Mei

Dada,

Shikamoo. Natumaini Mama yuko salama. Natumaini na wewe uko salama. Sina habari nyingine ya kutanguliza, maana hakuna aliyeniandikia.

Kila gari likirudi natoka kulilaki kama mtoto anayesubiri mzazi sokoni. Wenzangu wananitania eti nina mpenzi mkorofi. Kwenye kazi nasahau maneno. Juzi nilitakiwa kumkaba jambazi mkuu shingoni, nikabaki nimemshika tu, naye akaninong'oneza, "Kaka, niue basi, shingo inaniuma."

Usiponijibu safari hii, nitavua koti nije.

Kiroboto


28 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama ni mzima, na sasa nitakueleza kwa nini naanza na neno hilo.

Ulitaka kujua watu wanaotoka motoni wanakuwaje. Sijui. Hakuna niliyemwona akitoka. Tulipofika, magodoro yalikuwa yamekwisha kuyeyuka na moshi ulikuwa mweusi, mzito, unanata kwenye meno. Walikufa watu kumi na mmoja zamu ile, wengi wao wasichana washonaji. Tuliwakuta wote mahali pamoja, mlangoni. Si kwamba hawakuijua njia. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo na kufuli, kwa nje.

Mlinzi wa kiwanda aliniambia siku ile ile kwamba mwenye kiwanda alimwamuru afunge kila zamu ikianza, ili wafanyakazi wasitoketoke. Nikamwambia mkuu. Akaniambia, "Ni hitilafu ya umeme." Nikasema ndiyo, moto ulianzia kwenye umeme, lakini watu waliuawa na kufuli. Akasema nimechoka, nahitaji kupumzika. Ndipo nikapelekwa kwenye miavuli.

Nilidhani yameishia hapo. Lakini mwendesha mashtaka mpya ameifufua kesi na kuniita shahidi. Tangu hapo simu haikai, mtu anapiga, hasemi kitu, anapumua tu. Nikaizima. Mwezi wa tatu wakarusha mawe dirishani. Moja lilimpata Mama kwenye paji la uso, juu ya jicho. Alishonwa, amepona, ana kovu anamwonyesha kila mtu. Hao ndio panya wangu.

Mlinzi naye amehama, amejificha kwa shemeji yake mwenye karakana ya useremala, kule nyuma ya stendi ya zamani. Ameahidi kuja mahakamani tarehe 23 Juni. Bila yeye mimi nina komeo tu, na wao wana wakili atakayesema komeo lilijifunga lenyewe kwa joto.

Nilishindwa kukuandikia kwa sababu kila nikianza naona wewe na koti lako na kamba, na Nondo anavunja paa. Kwetu Nondo hakuwepo. Palikuwa na mlango tu, Kiroboto. Mtu yeyote angeweza kuufungua. Hata mtoto.

Usije. Nakujua, ukisoma hapa umeshasimama. Kaa. Fanya kazi yako. Mama amenifia mara mia mwaka huu kwa hofu, asianze kukuhofia na wewe.

Dada yako


Kwa Mama Mdogo, 25 Juni

Dada,

Shikamoo. Tunalala nyumba moja nami nakuandikia barua, kwa sababu tangu juzi hunisemeshi, na ukipita sebuleni unanikwepa kama kiti.

Ni kweli uliniambia nisije. Barua yako niliisoma nimesimama, kama ulivyosema. Nilikwenda kwa mwongozaji nikamwambia, kile kipande cha paa na msichana mzuri mimi sikifanyi, ni uongo. Akaanza kufoka. Nikamwambia yale maneno yako, kwamba palikuwa na mlango tu. Akavua kofia, akakaa juu ya sanduku la taa. Mwishowe akasema, "Nenda kwenu. Kinyago atakivaa mcheza hatari, hakuna atakayejua." Nikaondoka na koti lao mwilini bila kukumbuka kulivua.

Kosa langu ni kwamba sikuja kwako kwanza. Nilishuka stendi nikaenda moja kwa moja kwa yule mlinzi. Nilitaka kumtia moyo! Nikasimama mlangoni mwa karakana nikasema kwa ile sauti niliyoifanyia mazoezi miezi yote, "Ukweli hauna pa kujificha. Na wewe pia." Dada, lilikuwa neno zuri sana kwenye filamu. Yule bwana aliangusha randa, akarudi kinyumenyume, akatokea mlango wa nyuma. Nikamkimbilia nikimwita. Kadiri nilivyomwita ndivyo alivyoongeza mbio.

Na juzi mahakamani akaitwa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kiti kikabaki kitupu. Nilimwona mwenye kiwanda akitabasamu akimtazama wakili wake. Nilikuona na wewe, mgongo wako tu, umenyooka. Mama mmoja aliyekaa karibu nami, mzazi wa mmoja wa wale washonaji, akaniuliza, "Mwanangu, ndiyo imekwisha?"

Niambie nifanye nini. Au nitukane, nitafurahi zaidi.

Kiroboto


Kwa Mama Mdogo, 25 Juni, jioni

Kiroboto,

Barua yako nimeiokota chini ya mlango. Na mimi nakuandikia, maana nikifungua mdomo Mama atasikia, na matusi yenyewe si ya kusikiwa na mzazi.

Kumfuata shahidi ni kosa. Wakili wao angekutambua, saa hizi ungekuwa unalala ndani, na kesi imefutwa. Nimemtunza yule mtu miezi kama yai kwenye kiganja, wewe ukaja na koti ukalikalia.

Hakimu ametupa wiki mbili, basi. Hutatoka nyumbani. Hutamtafuta mtu. Kama unataka kufanya kitu, mpeleke Mama hospitali kwa magoti yake, yamesahauliwa na sisi wote. Na hilo koti livue, linanikera.

Dada


Kambini, 20 Julai

Dada,

Shikamoo. Nimefika salama. Magoti ya Mama yanaendeleaje na zile dawa? Daktari alisema atembee kidogo kidogo, msimwache na Mama Mdogo wakae kitako kutwa wakishindana historia.

Kambi karibu inavunjwa. Kama nilivyotarajia, wamemaliza karibu kila kitu na mcheza hatari. Kwenye moto wote si mimi. Wamebakiza sura yangu nikivua kinyago, siku moja tu ya kazi. Nimeifanya kwa utulivu mpaka mwongozaji akauliza kama naumwa.

Tangu niondoke sijapata usingizi wa maana. Siku ya hukumu ilikuwa jana, na hapa hakuna redio inayoshika. Natembea toka getini mpaka jikoni, toka jikoni mpaka getini. Mpishi amesema atanitoza kodi ya njia.

Na bado hujaniambia ulimrudishaje yule mlinzi. Ulikwenda asubuhi peke yako, ukarudi unacheka, ukakataa kusema. Kisha nikamwona mahakamani kwa macho yangu, kiti kile kile, anasema, "Ufunguo ulikuwa kwangu. Niliambiwa nisifungue mpaka zamu iishe. Nilipokimbilia, kufuli lilikuwa la moto, likaniunguza vidole, na nilipolifungua ndani palikuwa kimya." Alipoinua ile mikono yake ukumbi mzima uliinamisha vichwa. Mpaka wakili wao alikaa.

Niandikie. Usinipe habari za kofia na meno ya bandia.

Mdogo wako


Nyumbani, 30 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama anatembea mpaka kwa fundi cherehani na kurudi, anadai ni mazoezi, kumbe ni umbea. Tumerudi nyumbani. Dirisha limewekwa kioo kipya.

Mwenye kiwanda amepatikana na hatia. Miaka saba. Amekata rufaa, na ana fedha, kwa hiyo usipige vigelegele bado. Mkuu wangu "ameomba" kustaafu mapema. Mimi niko stoo bado. Hakuna aliyeniambia nirudi, wala sijaomba.

Kuhusu mlinzi. Nilikwenda kwa mkewe. Sikumwambia lolote la kesi, nilikaa tu, akanipa chai, nikamsaidia kukunja nguo. Mwishowe akasema, "Mume wangu alikuwa tayari kuja. Lakini walimtuma muuaji. Mtu mrefu, koti la kijivu, anaongea kama kaburi." Nikamwambia, "Huyo ni mdogo wangu. Ni mwigizaji." Akanikodolea macho. Nikamwambia, "Nyumbani tunamwita Kiroboto, na anaogopa mende." Alicheka, Kiroboto, alicheka mpaka akaishika nguo niliyokunja akafutia machozi. Kisha akaingia chumba cha ndani, na sauti ya mwanamume ikauliza, "Mwigizaji?" Alikuwa humo tangu alipokukimbia. Alitoka akaniambia tangu siku ya moto hajawahi kusikia mkewe akicheka, na kwamba atakuja.

Basi, usijivune. Lakini ukitaka kulala, lala.

Dada yako


Nyumbani, 9 Desemba

Mdogo wangu,

Salamu zako tumezipata, na Mama anakushukuru kwa viatu. Tunajua uko safarini na filamu yako, mji huu leo na ule kesho, kwa hiyo naituma hii hoteli ile uliyosema.

Jumamosi tumeiona. Mama alivaa kama anakwenda harusini. Kila ulipotokea alimgonga jirani yake kiwiko, na jirani yake alikuwa mimi, nina alama. Nilikuwa nimejiandaa kukasirika, nikuambie ukweli. Nilisema moto ukianza natoka nje.

Lakini yule mama wa mshonaji, uliyekaa naye mahakamani, alikuja kuniomba tumchukue. Nilimkatalia, nikamweleza ndani kuna moto. Akasema anajua, ameambiwa, ndiyo maana anataka kuja. Akakaa upande wangu wa pili, mkoba wake ameupakata kwa mikono miwili. Moshi ulipoanza sikumtazama. Nilitazama miguu yake. Haikugeukia mlangoni.

Nondo akaja mbio, hakuna paa wala kamba. Akalitoa lile komeo kwa mkono, akavuta mlango, akasimama kando. Wasichana wakatoka, mmoja mmoja, wakikohoa, wakishikana nguo, mwingine na kiatu kimoja, na wewe, au huyo mcheza hatari wenu, hukumbeba yeyote. Ulishika mlango tu usirudi. Watu ukumbini walisimama wakapiga kelele. Mama wa mshonaji hakupiga makofi. Alikaa ameinua uso, mdomo wazi kidogo, anawatazama wanavyotoka mpaka wa mwisho.

Kisha akaniinamia sikioni. "Mwanangu, wanaweza kurudisha pale?"

Nilipanda juu kwa mtu wa mashine, nikamwuliza. Akasema haiwezekani, watu wamelipia filamu nzima, lakini kuna onyesho jingine saa kumi na mbili. Nikashuka nikamwambia. Akasema hana haraka.

Tulimsindikiza Mama nyumbani, tukarudi wawili, tukakaa viti vile vile.

Dada yako